Mkate Usiotaka Maneno

Shikamoo Mama,

Theluji ya Toronto inanifika vifundoni, lakini mimi na dada Zuhura hatujambo. Jana alinipeleka kwenye duka la Wachina kula maziwa ya soya yaliyogandishwa, laini kuliko mtindi, yanamwagiwa shira ya tangawizi. Nilimaliza bakuli mbili.

Kilichonishangaza zaidi ni mkate wao wa mchele. Ukiukata una vitundu vilevile vya mkate wako wa kumimina, ila hauna nazi wala iliki, na wanaupika kwa mvuke. Nikasogea kwenye mlango wa jikoni kumtazama mwenye duka, mama wa rika lako, akimimina unga uliochachuka kwenye trei. Nikaanza, "Zuhura, hebu ona unavyoumuka." Yule mama akaweka kidole mdomoni, akanikazia macho. Binti yake akatueleza kwa Kiingereza kwamba mama yake hataki maneno mpaka mkate uive, maana ukisikia maneno utakataa kuumuka.

Zuhura alicheka hadi akatoka nje. Anakumbuka siku uliponinyamazisha vivyo hivyo nami nikakubishia, mimi mwalimu wa sayansi, kwamba hamira haina masikio, ukanifukuza jikoni na hujaniita tena siku ya mkate.

Safari hii nilisimama kimya, mikono nyuma, mpaka kifuniko kikafunuliwa. Mkate uliumuka vizuri sana.

Bado siamini, Mama. Ila nikirudi niruhusu niingie jikoni. Sitasema neno.

Mwanao akupendaye,
Rehema