Murhula Hali

Jumatatu, 4 Machi
Bugali na vidagaa vya sambaza tena. Nimepeleka gerezani kabla ya kazi, sahani imerudi nzima. Kaka yangu Murhula amegoma kula. Walimkamata kwenye maandamano ya kudai maji na hadi leo hajaona hakimu. Anasema hatakula mpaka amwone. Maman amepokea sahani mlangoni.

Alhamisi, 7 Machi
Barua yake imetoka, kwa mkono wa avoka, wakili wake. Si ya kwetu nyumbani, ni ya chama chake. Kamaradi Désiré, kiongozi wao, ameisoma kwenye kikao, mtaani Ibanda. “Mwili wangu ndiyo silaha niliyobaki nayo.” Makofi. Wengine wamelia. Halafu zikaletwa brosheti za nyama. Nimemchukia kila aliyetafuna.

Jumapili, 10 Machi
Sasa barua yetu. Fupi. “Usimlete Maman tena. Machozi yake yananidhoofisha kuliko njaa. Ajizoeze kuishi bila mimi.” Maman hajui kusoma. Ningeweza kuruka mistari. Nimesoma yote. Nilitaka tuumie wawili. Akaenda kuanua nguo, na zilikuwa bado mbichi.

Jumatano, 13 Machi
Nimemwona Murhula. Wamemshika kwapani kumleta. Midomo imepasuka, pumzi inanuka kama tunda lililooza. Nikamwambia atakufa. Akatabasamu! Kama mtu anayengoja harusi yake.
Nimekwenda ofisini kwa Désiré kumwomba chama kimwandikie aache kugoma.
“Dada, tusimuvunje moyo,” akasema. “Kama anaenda, inchi yote itamusikia.”
Kama anaenda. Nyuma yake, pembeni, fulana zenye uso wa Murhula. Mpya, bado ndani ya plastiki. Zinangoja.

Ijumaa, 15 Machi
Nimeandika. “Maman amekufa. Moyo umesimama, akikuita. Tumeshamzika. Ukienda na wewe nitabaki peke yangu. Kula.” Nikafunga bahasha kwa gundi, nikampa avoka. Maman alikuwa uani anachagua maharage, anaimba wimbo wa Kwaresima.

Jumapili, 17 Machi
Amekula. Avoka anasema alisoma, akalia hadi akatapika, hakueleza sababu. Kisha akaomba uji. Kanisani nimeimba kwa sauti kubwa. Sijuti.

Alhamisi, 21 Machi
Désiré amesema redioni kwamba chama kimemfukuza Murhula. Eti amewauza wenzake kwa kikombe cha uji. Mchana, barua kutoka kwa Murhula. Anauliza kaburi liko wapi. Nani alimwosha Maman. Alivalishwa kitenge gani. Sijajibu.

Jumamosi, 30 Machi
Wamemwachilia. Bila hukumu, bila maelezo. Mtu aliyekula haogopeshi tena. Njia nzima nilitafuta pa kuanzia kumwambia. Sikuanza. Alifikiri nampeleka makaburini.
Maman alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Ameacha mchi, amemkimbilia, amemkumbatia. Mikono ya Murhula haikuinuka. Ameniangalia juu ya bega la Maman, muda mrefu. Sijawahi kuangaliwa hivyo.
Halafu akamwambia, polepole:
“Maman, mi nilishakulilia. Nilishamaliza. Sina kitu ingine ya kukupa.”
“Mutoto amechoka,” Maman akaniambia. “Mutandikie kitanda.”

Jumanne, 2 Aprili
Ameondoka asubuhi, hakuaga. Jirani amemwona akipanda gari la kwenda Luhwindja, la wachimba dhahabu. Maman amezunguka mtaa wote akiuliza nani amemkosea mwanawe. Nimetembea nyuma yake. Nimeuliza pamoja naye.

Jumapili, 14 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Maman anauliza kama Luhwindja kuna baridi. Nimesema ndiyo, ni milimani. Ametoa koti la marehemu Papa sandukuni, amelikung’uta, ameona limepungukiwa kifungo. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Nimemtungia uzi. Ameshona mwenyewe, karibu na dirisha.