Siku ya kukata miti ya Joel

Jumamosi, Agosti 1996

Basi imekatwa yote, ile mikaratusi ya kando ya chemchemi ambayo marehemu mume wangu Joel aliipanda mwaka tuliooana.

Kikundi cha maji kilikubaliana kila mwenye shamba bondeni aondoe yake, kwa sababu inamaliza maji na chemchemi ilikuwa karibu kukauka. Mwenyekiti ni mimi. Ningeanza na ya nani?

Watu walikuja na misumeno, hata wale wa upande wa pili wa mto ambao tangu zile fujo za kikabila za mwaka wa 1992 hatukuwa tunasalimiana.

Shemeji Kiprono, ndugu ya Joel, alisimama kwenye ua wake, hakuvuka.

"Mama Chebet, leo umemzika ndugu yangu mara ya pili," akasema, akarudi ndani.

Nilitaka kumwambia hata mimi roho inauma, lakini mlango wake ulikuwa umeshafungwa.

Tulipanda mianzi mahali pake, ya kulinda chemchemi, watu wakanywa chai, wakaenda kwao wakiongea pamoja.

Sasa nimekaa peke yangu. Kutoka dirishani naona taa ya shemeji, ambayo miti ilikuwa inaficha miaka hii yote. Bado inawaka. Sijui kama naye anaona yangu.