Inayokwenda Ni Meza

Karakana ya Baba,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kasi,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, wifi yangu ni mzima, na wanangu wanaendelea vizuri na shule. Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto linatulia. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechafuka, na aliyeichafua ni wewe. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungesema mtandao unasumbua, ukakata. Barua utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa kununa.

Nianze na mashine. Ubongo wa ile mashine ya Baba ya kuchonga chuma ulipokufa, nawe ukatuma boksi jipya la kuiendesha, mota tatu na skrini, nilikushukuru. Nakushukuru tena leo, usije ukasema sina shukrani. Shukrani imeishia hapo.

Wiki tano nilikuwa nimelala chini ya chuma kile. Mimi na Mzee Fyuzi, yule fundi umeme wa jirani, tulitoa nyaya za zamani zilizokauka mpaka zinavunjika kama tambi mbichi. Matundu ya mota zako hayakulingana na ya zamani. Ulisema hilo ni jambo dogo. Dogo hilo lilinichukua siku nne za kusugua kwa tupa vibao vya kuzifungia, na kiganja changu cha kulia bado kina sugu yake.

Sasa tufike kwenye ile siku ya majaribio. Wewe ulikuwa kwenye simu, mimi nimesimama mbele ya mashine. Ukasema, "Dada, bonyeza kitufe cha kulia. Inakwenda wapi?" Nikabonyeza, nikatazama, nikakujibu, "Inakwenda kulia." Ukasema, "Safi kabisa, usiguse kitu, endelea na kazi."

Kesho yake nikafunga kipande cha kwanza alichoagiza mwoka mikate, kibao cha mashine yake ya kukandia unga. Kisu kilitakiwa kishuke upande wa kulia, juu ya chuma. Kikashuka kushoto. Kikagonga jiliwa lililobana chuma, kikavunjika, na kabla sijafikia kitufe chekundu kisiki chake kilikuwa kimechimba meza ya Baba shimo la kutosha kuweka punje ya hindi. Nilikaa chini palepale sakafuni. Sikulia, ila nilikaa.

Nilikueleza yote siku hiyohiyo, kwa upole. Nawe ulifanya nini? Ulimrekodia Baba Mdogo ujumbe wa sauti. Akauleta nyumbani, akaufungulia sebuleni mbele ya Mama, mbele ya shangazi, mbele ya fundi rangi aliyekuwa amekuja kupaka dari. Sote tukakusikia ukisema, "Dada ana mkono mzito. Mashine hiyo basi tena, iuzwe kwa kilo." Mama aliomba uzimwe. Baba Mdogo akaurudia, eti mwanzoni hakusikia vizuri.

Kwa kilo, Kasi! Mashine iliyokulipia chuo!

Sasa nisikilize, wewe uliyesoma. Mashine ile kisu chake kinazunguka palepale, hakiendi kulia wala kushoto. Inayokwenda ni meza. Uliponiuliza "inakwenda wapi", mimi nilikuwa natazama meza, nikakujibu habari za meza. Wewe kichwani mwako ulikuwa unawaza kisu. Meza ikienda kulia, kisu kinakuwa kimesogea kushoto kwenye chuma, hata mwoka mikate alilielewa hilo nilipomwonyesha kwa kipande cha mkate na kidole. Tena ningekuwa nasema habari za kisu, ningesema "kinakwenda". Umekaa huko mpaka ngeli zimekutoka, halafu mkono mzito ni wangu!

Dawa yenyewe ilikuwa alama moja ya kutoa kwenye skrini. Nimeiweka mwenyewe, bila simu yako. Sasa meza inakwenda inakotakiwa, na vibao vyote sita vya mwoka mikate vimetoka vizuri. Alikuja navyo mkononi kunishukuru, unga mpaka kwenye nyusi. Vilevile nimebadilisha neno la siri la lile boksi, kwa hiyo usihangaike kuingia kutoka huko uliko.

Lakini Baba Mdogo haambiliki. Nimemwita aje aione ikifanya kazi, amekataa. Anasema Kasi ndiye aliyesomea, na Kasi amesema imekufa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu anakuja na mnunuzi wa vyuma chakavu na lori. Chumba cha karakana ameshamwahidi mtu wa kuuza magodoro. Mimi nimeambiwa nitatafutiwa cha kufanya. Nina miaka arobaini na minne, Kasi, na tangu nina kumi na tisa kitu ninachokijua ni kile. Nitatafutiwa nini, kupanga magodoro?

Kuna jambo jingine, na hili ndilo hasa lililonifanya nikae niandike.

Uliniambia nitupe kabati la zamani la umeme. Nililitupa, ila mlango wake niliubakiza, ukawa kinga ya cheche ninapochomelea. Baada ya ajali, Mzee Fyuzi aliutaka, kwa sababu ndani yake Baba alikuwa amebandika mchoro wa nyaya. Fundi alitaka kutazama swichi za mwisho wa meza zilikuwa zimefungwaje zamani. Karatasi ilikuwa imekunjamana kwenye kona, akaivuta ili ainyooshe, ikabanduka yote.

Chini yake, kwenye chuma kitupu, palikuwa na mwandiko wa Baba. Ile kalamu yake nene, zile herufi zake za kuegemea nyuma. Nakunakilia kama ulivyo: "Kasi, inayokwenda ni MEZA. Kisu hakiendi popote. Usirudie tena. Wengine nimewaambia ni mimi." Na tarehe. Ni likizo yako ya kwanza kutoka chuo cha ufundi.

Unalikumbuka lile kovu la zamani kwenye meza, karibu na ukingo? Miaka yote ile Baba alikuwa akituambia ni yeye aliyesinzia kazini. Tulimtania mpaka akazeeka. Shangazi alikuwa hapiti karakana bila kumuuliza kama leo amelala vizuri. Naye alikuwa anacheka na sisi. Kumbe alikuandikia wewe, ukasoma, halafu akabandika mchoro juu yake mtu mwingine asione. Alikusitiri, Kasi. Alikusitiri mpaka kaburini, nawe mwaka wa pili tu baada ya kumzika umenivua nguo mbele ya fundi rangi, kwa kosa lilelile.

Kovu la pili liko kando ya la kwanza. Nimepima: sentimita tisa.

Ningeweza kuubeba mlango ule mpaka kwa Baba Mdogo leo hii. Si mzito. Mzee Fyuzi alijitolea kuushika upande mmoja, nikamkatalia, nikamwapisha asiseme. Sikufanya hivyo kwa ajili yako, sitaki ujidanganye. Ni kwa ajili ya Baba, aliyekubali kuchekwa miaka ishirini na moja. Siwezi kuivunja kazi yake kwa hasira ya wiki moja.

Kwa hiyo wewe ndiye utakayempigia. Si ujumbe wa sauti, umpigie, umwambie mashine inafanya kazi, umwambie swali lilikuwa lako na ulilielewa vibaya. Ya zamani huna haja ya kuyasema. Nakupa mpaka Ijumaa inayotangulia hiyo Jumamosi.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri. Hajui ninachoandika humu. Shangazi anakusalimu. Mzee Fyuzi hakunituma salamu. Msalimie sana wifi yangu, na wanangu uwabusu wote, wao hawana kosa. Mungu akulinde huko uliko, akujalie afya na kazi, na akupe kumbukumbu.

Mchoro wa nyaya nimeubandika tena palepale. Ila nimetumia gundi ya karatasi ya kawaida, ile ya watoto wa shule. Inabanduka kwa ukucha.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado,

Mkono Mzito.