Waliokuja Kuiona Nyumba ya Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Shemeji na watoto. Goti linaendeleaje? Uliniambia ngazi za kazini zinakutesa, na tangu hapo kila nikipanda ngazi nakukumbuka. Mimi sijambo. Kifua kilinibana siku za mvua, sasa kimeachia, kimebaki kikohozi cha asubuhi tu. Mjomba naye hajambo. Tumemnunulia fimbo ya kutembelea, naye huibeba kwapani ili asionekane mzee.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Nimeishika simu mara nyingi wiki hii, na kila ukipokea naishia kukuuliza habari za baridi ya huko. Ninalotaka kukuambia halitoki mdomoni. Tafadhali, Dada, isome ukiwa umekaa, tena peke yako.

Nianze na nyumba. Tulipokubaliana iuzwe nilimpa kazi yule dalali ambaye mtaa mzima unamwita Mama Funguo, maana mkoba wake ukitikisika unadhani anakuja askari jela. Ana maneno mengi lakini si mwongo. Mwanzoni alimkaribisha kila aliyepiga simu. Dada, walikuja watu! Wengine walikuja na watoto wao kama wanakwenda matembezi. Mama mmoja alipima madirisha yote kwa ajili ya mapazia, akanywa chai yangu vikombe viwili, kumbe hata kodi ya chumba chake inamshinda.

Hao ningewavumilia. Walionichosha ni wale ambao wakifika jikoni hupunguza sauti, halafu mmoja wao huuliza, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi, "Ni hapo nje?"

Naam, bado wanasimulia. Baba alilijaza mchanga lile tangi la maji la chini ya ardhi, akapiga saruji juu, lakini midomo ya watu haikuzibika. Wanasema mvua ikinyesha mtoto husikika uani akigonga kutoka chini. Wapo wanaomwita mdogo wetu Babu Mdogo, kwa jina letu lile lile la nyumbani, wakati hawakumwona hata siku moja akitembea na mikono yake mgongoni kama mzee wa baraza. Vijana wawili niliwakuta wamelala kifudifudi juu ya saruji, sikio chini, wanacheka, huku mwenzao anawapiga picha. Niliwatoa kwa ufagio.

Na mimi ninayelala humu peke yangu tangu Mama atutoke, nikisema sijawahi kusikia kitu nitakuwa nakudanganya. Sijui ni bomba, sijui ni panya. Najua tu kwamba mvua ikianza, mimi huacha ninachofanya na kuhamia chumba hiki cha mbele, na redio naifungulia sauti yote.

Hayo sikukuandikia wakati ule. Sijawahi kukusikia ukilitaja tangi, Dada, wala mimi sikuthubutu kulitaja mbele yako. Ulipokuja kumzika Mama ulilala nyumba ya wageni, nami niliwaambia watu una mzio wa vumbi.

Basi nilimwambia Mama Funguo ama awazuie watu hao au nyumba isiuzwe. Akaja na dawa. Tangu siku ile, hakuna kuvuka geti kabla hajaona uwezo wa mtu. Anayenunua kwa mkopo alete barua ya benki kwamba amekubaliwa. Mwenye fedha zake mkononi alete taarifa ya benki, na aonyeshe zimetoka wapi. Karatasi zote anazikagua yeye ofisini, chumba kimoja juu ya duka la vioo, na benki anapiga simu mwenyewe. Wengi walinuna. Bwana mmoja mwenye suti na kidevu juu alimwuliza kama anamjua yeye ni nani. Mama Funguo akapiga simu benki, na benki nayo ikawa haimjui.

Geti likanyamaza. Nilidhani nitashukuru. Kumbe wale watu, pamoja na upuuzi wao wote, walikuwa wanaijaza nyumba kelele. Walipokoma, tulibaki humu mimi na Babu Mdogo.

Ndipo Mama Funguo akanipigia simu amefurahi mno. Amepata mnunuzi, mzee mmoja, karatasi zake safi, fedha za karakana aliyouza karibuni, na mkataba wa mauzo ameuona kwa macho yake. Anataka kuja kuiona nyumba alasiri ile ile. Nikafagia, nikafungua madirisha, nikavaa gauni la heshima.

Alikuja mzee mwembamba, shati limenyooshwa, kofia mkononi. Alinisalimia bila kunitazama usoni. Mama Funguo akaanza wimbo wake: paa jipya, milango ya mbao ngumu, vyumba vinapata upepo. Mzee hakumsikiliza. Alipita sebuleni, akapita vyumbani kama mtu anayepita sokoni bila haja ya kununua, akafika jikoni na kufungua mlango wa uani mwenyewe. Ule mlango unagoma, Dada, unakumbuka, lazima uuinue kidogo ndipo uvute. Aliuinua.

Alisimama mbele ya ile saruji. Kisha akauliza polepole kama tulilijaza mchanga au kokoto.

Hapo nikamjua. Nywele zimekuwa nyeupe na mabega yameanguka, lakini ndiye, yule fundi aliyekuwa akiziba ufa wa tangi siku ile. Yule ambaye Baba alimkaba shati hapo hapo uani, na Mjomba akamburuta hadi barabarani, kwa sababu alikwenda kula akaacha tangi wazi na mtoto akatumbukia. Yule ambaye hakuna mtu wa mtaa huu aliyempa kazi tena, hata ya kuchanganya udongo. Baba alikufa akimlaani, Dada. Nilikuwepo nikimshika mkono.

Damu ilinipanda. Nilimwuliza amefuata nini, na kama anadhani fedha zitamnunulia njia ya kuingia humu. Alijibu kwa adabu kwamba ndivyo alivyoambiwa alipopiga simu: bila karatasi za benki haingii mtu. Ndiyo maana aliiuza karakana.

Sikumwelewa. Ikabidi Mama Funguo amwulize mara ya pili, naye akarudia. Nyumba hakuwa na haja nayo, asingeweza kulala humu hata akipewa bure. Alitaka kufika hapa uani na kusema na mtu wa familia. Aliwahi kuja kabla ya sharti, akiwa katikati ya watazamaji, lakini walikuwa wakicheka, akashindwa, akarudi. Alipopiga simu tena aliogopa kutaja jina, akijua nikilisikia tu nitamfungia. Watu walikuwa wakiitamani karakana yake kwa miaka, na siku zote alikuwa akikataa. Safari hii alikubali.

Mama Funguo aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

Sasa nakuandikia alichosema, Dada. Nimejitahidi nisiongeze wala nisipunguze.

Alisema tangi aliliacha limefunikwa, na bati lilikuwa juu yake alipokwenda kula. Aliporudi alilikuta bati pembeni na ndoo yetu ya jikoni kando yake. Akainama, akamwona. Maji yalikuwa machache, hayafiki kiuno cha mtu mzima. Babu Mdogo hakuzama. Aligonga kichwa. Fundi aliruka ndani, akamwinua, na mtoto alikuwa bado hai.

Sisi tuliambiwa alitolewa amekwisha kufa. Fundi anasema hapana. Mtoto alifungua macho, akamtambua, akamshika ukosi wa shati. Akasema naye.

"Alisema, 'Usiseme ni Dada aliyefungua, atapigwa,'" mzee aliniambia. "Nikamjibu sitasema. Akauliza, 'Kweli?' Nikamwambia kweli. Kisha mkono ukaachia."

Alipopanda naye juu, sisi wote ndio tunafika mbio, na Baba anauliza kwa sauti ile yake ni nani aliyelifungua tangi. Fundi alikutazama. Anasema ulisimama nyuma ya Mama umeshika mtungi, mtoto wa miaka kumi na moja, umekuwa mweupe kama majivu. Naye alikuwa ametoa ahadi muda mfupi uliopita. Akanyamaza. Baba akauchukua ule unyamavu kuwa ndiyo jibu.

Nilimwuliza kwa nini hakusema baadaye, hata kwa Mama, hata kwa barua isiyo na jina. Kwa nini alikubali kuhama mtaa, kudharauliwa, kuitwa muuaji wa mtoto. Na kwa nini sasa. Alijifuta uso na ile kofia, akanijibu maneno ambayo tangu siku hiyo nalala nayo na kuamka nayo.

"Wazee wako wote wawili wamekufa," alisema. "Sasa hakuna tena wa kumpiga."

Dada, sikuulizi kitu. Ulitumwa maji, bomba limekauka, ukafanya ambalo mtoto yeyote angefanya. Kama ulikuwa hujui kwamba ni wewe, nisamehe kwa kukuletea mzigo huu. Lakini nadhani ulijua. Nadhani ndiyo sababu uliacha kusema kwa miezi, ukaomba shule ya mbali, halafu kazi ya mbali, halafu nchi ya mbali. Mimi nilikuwa na miaka minane, nilidhani umenichukia. Laiti ningejua ulikuwa umebeba nini, ningekuja kukaa karibu yako hata bila kusema neno.

Nilimwambia Mjomba siku iliyofuata. Alilia kama mtoto, kwa sababu mikono iliyomburuta yule mtu ilikuwa yake. Jana amekwenda kwake kumwomba radhi. Safari hii aliitumia fimbo. Anasema walikaa barazani mpaka jua likageuka.

Nyumba nimeisimamisha, siiuzi kwanza. Mama Funguo amekubali bila kunung'unika, yeye anayeishi kwa asilimia yake. Siku ile alimbebea yule mzee mfuko wake mpaka barabarani.

Nikuambie pia ukweli kuhusu zile sauti, maana nilidhani zitakwisha. Juzi mvua ilinyesha. Sikukimbilia redio. Nilikaa jikoni, mlango wa uani wazi. Zamani nilikuwa naogopa sauti isiyosema kitu. Sasa nikiisikia najua inasema nini, na inasema kuhusu wewe. Sijui kama hiyo ni nafuu. Nililia mpaka mvua ikakatika, lakini sikutoka pale nilipokaa.

Ukiweza kuja, njoo. Ukishindwa, niandikie hata mstari mmoja, hata ukiwa wa hasira. Nitaupokea.

Mjomba anakusalimu sana na anasema hana la kukusamehe, bali yeye ndiye wa kusamehewa. Mshonaji, jirani yetu, anakusalimu na bado anayo ile cherehani ya kanyagio. Mama Funguo, ingawa hajakuona, ameniambia nikusalimu. Nisalimie Shemeji, na wanao watatu nibusie kila mmoja kwenye paji la uso. Mungu akufunike usiku na akutangulie mchana, na aupe moyo wako pumziko ambalo sijaliona kwako kwa miaka yote hii.

Nilikuwa nimekwisha kuikunja karatasi, nikaifungua tena. Nilimsindikiza yule mzee hadi getini, na pale alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Aliuliza jambo moja tu, kama ulijaliwa watoto. Nikamwambia ndiyo, watatu, na kitindamimba ni wa kiume, mtundu, hakai chini. Aliivaa kofia yake taratibu.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, leo kuliko jana.