Vifungo Vilivyolala Alunguli

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mama. Siku tuliyokuzika, shangazi zangu wanajitupa chini, Baba Mudogo anashikwa na wanaume wawili asikufuate kaburini, mimi nilisimama macho makavu nikiwaza makola ya blauzi. Nani atayavusha mto kwenda Alunguli? Watu walidhani ninalia ndani kwa ndani. Wakanishika mabega, wakasema masikini huyu mutoto, hana hata sauti ya kulilia baba yake. Kumbe nilikuwa ninapanga vikapu vyako. Na katikati ya kupanga nikaona kitu kilichoniogopesha kuliko lile shimo: ninaitaka kazi yako. Siyo kwa sababu umekufa. Niliitaka ungali hai, nikanyamaza, vile ninanyamaza kwa kila kitu.

Ninakuandikia kwa Kiswahili. Kule shuleni, lise, tunaandika yote kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa mimi ni msichana mzuri sana, sikosei kitu na sina la kusema. Wewe uliniongelesha Kiswahili hiki, basi njo hiki nitakachotumia.

Nikupe habari kwanza. Mama ameanza kukaa tena barazani asubuhi. Anakula kidogo, lakini anakula. Wageni wa kilio wamekwenda wote. Wale wa Kalima waliondoka wa mwisho na wakabeba sufuria yetu, Mama akasema waache, wamelia sana. Mashini yako iko palepale dirishani. Meza ya kukatia nimeifuta, na makasi yako makubwa nimeyapaka mafuta kidogo, maana hewa ya mto huu unaijua.

Watu wa hapa Kasuku walikuita fundi wa kushona. Hawakujua kwamba wewe ulishona kidogo tu. Kazi yako ilikuwa kukata, halafu kugawa. Mama Feza kule Mikelenge, Mama Sikujua kule Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, wote wawili wanashonea nyumbani kwao, na kila kitu walichoshona kilitoka kwenye meza hii: vipande, uzi, makola, vifungo vimefungwa ndani ya kitambaa kidogo, kila mtu na kikapu chake. Nilipokuwa mdogo niliona vikapu havilingani, nikadhani unapendelea. Ukacheka. Ukasema, "Mashini ya Feza inakula uzi sawa mbuzi. Nikimupa sawa na Sikujua, atashona mukono moja halafu atakuja kulia hapa mbele yangu."

Na kuhusu vitu vilivyobaki kule kwao ulikuwa na neno lako moja. Mtu akikuuliza kwa nini unawaachia wanawake mali yako, ulijibu, "Iko yangu. Inalala tu kwake." Ulijua kilicholala kwa nani, bila kuandika popote. Usiku uliweza kumwambia Mama, nyuzi nyeupe za Sikujua zinakaribia kuisha, wakati Sikujua mwenyewe hajajua bado.

Ninakumbuka tukivuka pamoja, mimi nimepakata kikapu, wewe unaongea na mpiga kasia. Yule mtu hakuacha kunichokoza. "Fundi, huyu binti yako, ulimushona mdomo?" Na wewe, bila hata kumtazama: "Nilimushona vizuri. Ila ule uzi ni wa sokoni, kuna siku utakatika." Niliona haya hadi ng'ambo. Kwa Mama Sikujua nilijificha nyuma ya mgongo wako, wewe ukaniombea maji, ukanijibia salamu, ukasema hata kwamba nimeshiba wakati nina njaa. Ulifanya vizuri, Baba. Na ulifanya vibaya kidogo. Ninakuambia sasa kwa sababu huwezi kukasirika.

Ile komande ya animasio, kazi tuliyoagizwa kwa ngoma za kusifu serikali, unaikumbuka. Blauzi za kikundi cha Zone, ofisi ya serikali ya hapa, za kuchezea siku mukubwa kutoka Kinshasa atakaposhuka. Ulizikata zote ungali na nguvu, ukalala, hukuamka tena kukaa. Kilio hakijaisha, yule kiongozi wa kikundi akafika, koti lake la abakosi limepigwa pasi vizuri, akatoa pole kwa Mama, akanywa chai, halafu akasema polepole kwamba mukubwa hawezi kuambiwa akawie kwa sababu fundi amekufa. Mama akanitazama. Mimi nikatikisa kichwa, ndiyo. Basi ikawa yangu.

Nilidhani ninajua. Nilivuka mara moja na mtoto wa jirani, nikatazama kilichopo kwa Sikujua bila kusema zaidi ya salamu. Nikatazama kwa Feza. Nikatazama kwenye makopo hapa. Nikaweka vyote pamoja kichwani: vifungo vinatosha blauzi zote, na vingine vinabaki. Patroni Kambale, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka hapa sokoni, alipitia akiwa anatuma lori lake kuleta bidhaa, akaniuliza, "Zaina, nikuletee vifungo?" Nikatikisa kichwa, hapana. Nikaona fahari hata. Nikampelekea Mama Feza sehemu kubwa ya blauzi, kwa kuwa yeye iko karibu na Sikujua alikuwa na homa.

Unaona tayari nilipopotea. Ninakuona unashika kiuno.

Ijumaa Mama Feza akaniita. Blauzi zimejaa kitandani kwake, nzuri, mikono imekaa sawasawa, na zote ziko wazi kifuani. "Nifunge na nini?" akasema. "Na mate?" Vifungo vilikuwepo, Baba. Vilitosha kabisa. Ila vimelala Alunguli. Nilikuwa nimejumlisha mto, ng'ambo hii na ile kama kopo moja.

Dukani kwa Kambale hakuna, lori liko matopeni njiani. Kikundi kinacheza Jumapili. Na Jumamosi asubuhi nikifika bandarini, ni salongo, siku ya kazi ya lazima kwa wote. Wale maofisa wa Zone wamefunga mitumbwi yote, hakuna kuvuka mpaka majani yakatwe, na mmoja wao akanipa jembe kabla sijafungua mdomo. Nililima ukingo wa Lualaba pamoja na walimu wangu wawili na mama muuza chikwange za muhogo, ninainua kichwa, ninaona bati za Alunguli kule ng'ambo zinang'aa, ninainamisha kichwa. Yule mpiga kasia wetu alikuwa analima kando yangu. Hakunichokoza siku ile. Alisema tu, "Wakifungua, wewe njo wa kwanza."

Nilivuka peke yangu. Mama Sikujua alikuwa mlangoni, ule mguu wake mbovu ameunyoosha juani.

"Bubu amekuja," akasema. "Leo hakuna mugongo wa baba. Utasema, ama nisome kwenye macho?"

Nikasema ninaomba vifungo. Akauliza vifungo vipi. Nikasema vya hapa, tuvipeleke kwa Feza.

"Feza? Hivi baba yako alinipatia mimi, na mukono wake. Mto ukijaa, mutumbwi hauvuki, mimi nitafunga nguo ya watu na meno?"

Kwa kawaida hapo ningerudi. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kugeuka. Lakini nilizikumbuka zile blauzi wazi, nikasikia mtu anasema, "Viko vyetu, Mama. Vinalala tu kwako." Ni mimi niliyesema. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi.

 Mama Sikujua akacheka, akajifuta macho na ncha ya kikwembe alichojifunga, na sikutambua kama bado anacheka. Akasema, "Kweli. Lakini uliza basi kwa nini alivilaza hapa vingi hivi." Nikauliza. Akanieleza kwamba kila mwaka kabla ya maji makubwa ulimwachia akiba, kwa kuwa mto huu ukikasirika Alunguli inakuwa nchi nyingine. Kile nilichokiona kimezidi hakikuzidi. Kilikuwa na kazi yake.

Basi tukakaa chini wawili, kitambaa cha vifungo katikati yetu. Nikichukua vyote, Feza anamaliza na Sikujua anabaki mikono mitupu. Nikichukua vichache, wasichana wanacheza kifua wazi mbele ya mukubwa. Nikafikiri namna wanavyovaa. Blauzi ile inaingia ndani ya kikwembe. Kifungo cha chini kabisa hakionwi na mtu. Nikasema, cha chini tusikiweke kwanza, Kambale akifika tutarudi kuviweka. Mama Sikujua akaanza kunihesabia kwenye kiganja, huku ananung'unika kwamba hata wewe hukuwahi kumnyima mukubwa kifungo.

Jumapili walicheza, Baba. Nilisimama nyuma ya umati na Mama Feza. Sikutazama miguu wala sikusikia nyimbo. Nilitazama viuno. Mama Feza akaninong'oneza, "Yule mnene akirusha mikono tena hivyo, sisi tunakimbilia kule Kama kuchimba zahabu." Blauzi haikutoka hata moja. Lori lilipofika nilichukua vifungo kwa Kambale, nikaviweka vya chini vyote, na nikavusha vingine Alunguli kujaza akiba. Siku ile njo nililia. Kwenye mtumbwi, katikati ya mto, mpiga kasia akageuza uso akatazama maji. Nililia mpaka tukagusa ng'ambo.

Sasa nikuambie yanayonisumbua.

Baba Mudogo anataka kumpa Patroni Kambale kazi yote. Meza, makasi, mashini, wateja. Kambale ataweka mashini nyingi kwenye duka lake, watu waje washonee pale wote, chini ya bati moja. Siyo mtu mbaya Kambale, na Baba Mudogo siyo mbaya. Tangu umekwenda yeye njo anatulisha, na akipita mbele ya mashini yako anatazama upande mwingine. Ametuita juzi akatueleza. "Zaina iko anasoma Kifaransa," akasema, "atakuwa madamu mwalimu. Makasi ni ya nini?" Mama akanyamaza, ni haki yake kunyamaza, amechoka. Baba Mudogo akanigeukia: "Si njo hivyo, mama?" Ananiita mama kwa kuwa nimechukua jina la mama yenu. Na mimi, Baba, nikatikisa kichwa. Ndiyo.

Mama Feza atatembea mpaka sokoni, anaweza. Mama Sikujua na mguu ule hatavuka mto kila asubuhi. Hakuna atakayemvushia kikapu. Nimemtoa kwenye kazi kwa kutikisa kichwa, na yeye bado hajui, ananitumia salamu kwa mpiga kasia na kuuliza lini nitaleta vipande vya sare za shule.

Leo mchana Baba Mudogo anakuja na Kambale kubeba meza. Nilikusudia kukuandikia tu, halafu nivichukue vitabu vyangu niende kwa jirani mpaka waondoke. Lakini nikikuandikia ninaona kwamba sikuelezi wewe, ninamweleza Baba Mudogo. Wewe haya yote ungeyajua kabla yangu.

Basi ninakuahidi haya. Cha Alunguli nitakihesabu Alunguli, cha Mikelenge nitakihesabu Mikelenge, sitajumlisha tena mto. Feza nitamzidishia uzi bila kumwambia kwa nini. Asubuhi nitasoma, nikirudi nitakata, na nikikosea kukata nitamwonyesha Mama kabla ya kukitupa. Sijui kama nitaweza kuongea na wateja. Nitaongea hivyohivyo, vibaya.

Wewe pumzika. Usiamke kutafuta nani amepungukiwa na nini, hilo sasa ni la kwangu. Ukikutana na bibi huko, umwambie jina lake linatunzwa.

Mwanao,
Zaina

Ninasikia viatu vya Baba Mudogo uani, anamsalimia Mama, sauti ya Kambale iko nyuma yake. Tangu asubuhi kila nikisikia mtu mlangoni ninaisukuma karatasi hii chini ya kitambaa. Sasa nimeiacha juu ya meza, maandishi juu. Kama sauti itanikosa, Baba Mudogo anajua kusoma. Lakini ninataka nianze mwenyewe kabla hajashika upande mmoja wa meza. Nitamwambia, Baba Mudogo, karibu, kaa kwanza. Juzi nilitikisa kichwa. Sikukubali.