Ufa Ukutani kwa Mama

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi. Huku barabara kuu kuna habari. Bwana mmoja wa halmashauri anapita na daftari, anaandika historia ya nyumba zote za zamani, kuanzia posta hadi duka la dawa. Yetu imemkaa rohoni. Alisimama chini ya roshani ya mbao, mdomo wazi. Nikamwambia aliyeijenga ni babu yangu, mwashi asiyejua kusoma.

Kamati inakuja tarehe 21 Aprili. Nyumba zitakazoingia kwenye orodha hazibomolewi, na halmashauri itazikarabati. Sharti ni moja tu, ziwe na watu. Basi cherehani yangu inalia kutwa, asije mtu akasema hapa pamehamwa.

Kuna ufa mdogo nyuma ya cherehani, kwenye ukuta wa mbele unaobeba roshani. Usijali.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, ni kazi tu zinanichosha. Umeijaza barua roshani na babu, ufa ukaupa mstari mmoja. Mama, mimi ni mhandisi. Ukiniambia nisijali ndiyo roho inanidunda.

Chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa saruji kivuke ufa, kishike pande zote mbili. Kikibaki kizima, ukuta umetulia. Kikipasuka, ukuta unatembea, na wewe utoke siku hiyohiyo uende kwa mama mdogo.

Nijibu haraka.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limepata nafuu. Kioo kizima kabisa, mpaka jirani yetu mwenye duka la dawa ananiuliza kama nimeanza uganga. Nina sare arobaini za shule za kumaliza, niache nishone.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimefurahi kuhusu kioo. Lakini upana wa ufa hujanitajia. Nikipiga simu unanipa habari za goti, na kila nikitaja ukuta mtandao unakata. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata.

Kidole kinaingia? Sema kweli.

Mwanao

9 Aprili

Mama,

Simu yako imezimwa tangu jana. Ya duka la dawa inaita tu, hapokei mtu, na mama mdogo hana simu. Nimeomba likizo, nimepewa kuanzia tarehe 22. Andika hata neno moja.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo usije ukasoma huku unatetemeka. Niko kwa mama yako mdogo. Barua yako nimeichukua posta leo. Simu imebaki kifusini, na namba yako sikuwahi kuikariri.

Nilikudanganya. Kioo kilikaa kwenye droo, niliogopa jibu lake. Barua yako ya tarehe mbili ilinichoma, Jumatatu nikakibandika. Jumatano asubuhi nikakikuta kimepasuka katikati. Unajua nilichofanya? Nilianza kutafuta kipande kingine. Ndipo nikasikia watoto wa shule wakikimbizana chini ya roshani.

Nikashuka mbio, goti na yote. Nikafunga njia kwa kamba. Mwenye duka la dawa akatoka amefura: "Mama, unanifukuzia wateja!" Nikampandisha juu, nikamwonyesha kioo. Akanisaidia kutoa cherehani. Saa sita roshani ikashuka yote na ukuta wa mbele. Vumbi lilifika posta. Hakuna aliyeumia hata ukucha.

Bwana wa daftari alikuja jana. Akaniuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Machi," nikasema.

Hakuliandika hilo. Alisema nyumba nyingine tisa zitapimwa kuta kabla ya kuingizwa kwenye orodha. Yetu haiponi. Wanaibomoa tarehe 23.

Watu wananipongeza barabarani, nami naona aibu. Ningeweza kuua mtoto wa mtu kwa ajili ya nyumba. Wewe nikemee ukifika, nitakusikiliza. Lakini ufike. Siku ya kuibomoa sitaki kusimama pale peke yangu.

Mama yako