Jibu Nililomnyima Kocha Wako

Mwanangu Rukia,

Ni mamako. Wanijua, kalamu na mimi hatukupata kujuana, mimi ni mtu wa kusema tu. Mwanakombo wa nyumba ya pili amekaa hapa mkekani yuwaandika, na nimemwapisha asipunguze neno wala asitie lake. Kwenye simu huniachii nafasi. "Hujambo mama, nimechoka mama, nitakupigia mama." Haya. Na mimi nimechoka. Ngazi za nyumba hii zimeongezeka, wallahi, sijui nani kaziongeza. Nikitaka kushuka kununua mkate nafikiria mara mbili, na nikishafika chini nasimama pale dakani, mlangoni, nikijiuliza nitapanda vipi.

Lakini si ngazi nilizotaka kusema. Nataka kusema ile Ijumaa, kwa sababu hujanisikiliza mpaka mwisho, na mimi pia siku ile sikukusikiliza wewe.

Nianze na nazi. Ulikuwa na miaka saba, nilikuwa nikiuza mahamri na mbaazi hapo barazani, na kazi yako ilikuwa kukuna nazi. Ukikaa juu ya mbuzi yako ya kukunia, miguu haifiki chini, na mkono unakwenda, chaka chaka chaka, hauchoki. Siku moja narudi kutoka kisimani, wakati huo kile kisima cha jirani kilikuwa na maji matamu, sasa ni chumvi tupu, hata kuoshea mkeka hayafai. Narudi nakuta umevipanga vichupa vya marashi vya marehemu nyanyako mwisho wa ukumbi, kumi, na wewe umeshika nazi kwa mikono miwili. "Mama," ukaniambia, "nazi ina macho matatu, yaona yenyewe inakokwenda." Ukaiviringisha. Vilianguka saba, vikavunjika viwili. Nilikupiga kwa mwiko, ukalia, ukaapa hurudii. Kesho yake ukarudia.

Basi nikayasahau hayo. Maisha yalipita, ukaolewa, ukaachwa, ukarudi chumbani mwako, ukaanza kazi kwenye duka la leso kule Mtaa wa Biashara. Miaka kumi hiyo. Nilikuwa nikiswali na kukuombea mume mpaka magoti yakaota sugu. Kisha wenzako wa dukani wakakuvusha daraja siku moja, wakakupeleka Nyali kwenye huo mchezo wa boling, ukarudi nyumbani hukuvua hata buibui. "Mama, nimeviangusha vyote kumi!" Vyote nini? "Vile kama vichupa, mama." Nikakwambia vizuri, osha mikono ule.

Sikukuuliza zaidi. Nilidhani ni burudani tu ya mtu aliyechoka na duka. Ukaanza kusema wataka kocha, wataka kushindana, na wewe una miaka arubaini na moja. Nakumbuka ulirudi jioni moja umenuna. Kocha wa kwanza alikwambia, "Leta mtoto wako, mama, nitamfunza." Wa pili akakutolea methali, "Dada, samaki mkunje angali mbichi." Mimi nilikuwa nageuza chapati, nikakujibu bila ya kufikiri: "Ungemwambia na ng'onda je? Ng'onda ni samaki mkavu, hakunjwi, lakini mchuzi wake watu hulambia vidole." Ukacheka, Rukia. Ulicheka mpaka ukashika mlango. Kucheka kwako kule ndiko ninakokukumbuka sasa nikila peke yangu, na paka ananitazama.

Haya, twende kwenye Ijumaa.

Uliingia siku ya Jumatano, uso unang'ara kama siku ya harusi. Ukasema, "Mama, nimepata mtu. Mtu wa maana. Yuwaja Ijumaa baada ya alasiri kukuona wewe. Hataki kunichukua bila ya ruhusa yako."

Sasa niambie, mwanangu. Hayo ni maneno gani kumwambia mama aliyengoja miaka kumi? Ulitaka kuendelea, nakumbuka ulisema "mama, ngoja nikweleze," lakini mimi nshashuka ngazi, ngazi hizi hizi, nakwenda Marikiti kutafuta nazi za kaimati za mgeni.

Alikuja na kakake, wote wawili kanzu na kofia, wametulia, wananukia udi. Wewe ulikuwa dukani. Mjomba wako Abdalla, niliyemwita kutoka kwake, akawakaribisha ukumbini, mimi nikakaa karibu na mlango. Nikamtazama. Kama miaka sitini, nikasema si haba, na yeye Rukia si msichana. Jina lake Hemedi. Akasema:

"Bi mkubwa, nimekuja kwa ajili ya Rukia. Nimemtazama miezi miwili, nimeridhika. Ana mkono, mashaallah."

Mkono! Nikasema moyoni, huyu mapishi ya mwanangu kayaonja wapi?

"Ninao wawili hivi sasa," yuwaendelea, na wala hana haya. "Rukia atakuwa wa tatu. Wa nne namtafuta Likoni. Nikimpata huyo, tumetimia."

Mjomba wako akapaliwa na kahawa.

"Na hao wawili wajua?" nikamuuliza.

"Wajua, na wamefurahi. Wao ndio waliosema wataka mwenzao mwenye nguvu."

"Na watakaa wapi?"

"Tukienda Nairobi watalala chumba kimoja, wazoeane. Mimi nakuwa mbali, bi mkubwa, usiwe na wasiwasi. Ila kwenye kazi ni mkali. Nisije nikalaumiwa."

Mwanakombo yuwacheka hapa, kalamu imemwanguka. Cheka tu. Mtaa mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia wanachoambiwa wachumba wote Mji wa Kale: "Jibu utaletewa."

"Lisikawie, bi mkubwa. Majina yapelekwa kabla mwezi haujaandama."

Nikajua ni majina ya kwa kadhi.

Jioni ukaja mbio. "Umemwambiaje, mama?" Nikakwambia ataletewa jibu. "Sema ndiyo tu, mama, nafasi haingoji mtu." Nikakuuliza, "Na wale wawili wake?" Ukanijibu, "Nimeonana nao, ni watu wazuri sana." Nikaweka mikono kichwani. Nikasema mwanangu amerogwa.

Basi nikanyamaza. Wajua kwetu hatusemi hapana, hapana ni neno la kuvunjia mtu uso. Twanyamaza, na mwenye kuomba akiona siku zapita huelewa mwenyewe. Na Hemedi ni mtu wa hapa, kalelewa, akaelewa. Hakuja kuuliza tena. Mwezi ukaandama. Ulipokwenda kwake akakwambia, "Kwenu hawakuridhia, na mimi siingii nyumba ya watu kwa nguvu. Nshachukua mwengine." Ndipo ukaja nyumbani.

"Mama, kwa nini umemkatalia kocha?"

"Kocha gani?"

Ukanitazama. Mimi ndio naanza kuhesabu, wawili, wa tatu, wa nne, Nairobi, majina: kumbe ni timu ya watu wanne ya mashindano. Mjomba wako, aliyekuja kunywa kahawa, akaanza kucheka kule ndani. Wewe hukucheka, hukulia, hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningejua la kufanya. Uliviweka chini vile viatu vyako vya boling, ukasema neno moja tu: "Mama, hukuniuliza hata swali moja."

Wiki mbili baadaye nikakusindikiza mabasini Mwembe Tayari, uende Nairobi kwa binti ya shangazi yako, ukatafute kocha huko. Nilisema njia nzima, wanijua. Nilisema habari za joto, za chakula cha njiani, za mkoba uushike vizuri. Basi likaondoka na mimi bado nasema.

Sasa ni miezi saba. Nyumba ni kubwa, Rukia. Mtu hajui ni kubwa hivi mpaka abaki peke yake. Viatu vyako viko pale pale ulipoviweka. Nafagia nikivizunguka.

Jumanne nikasema basi. Nikaoga, nikavaa buibui jipya, nikashuka ngazi, mara mbili kwa makalio, sioni haya kukwambia, nikapanda tuktuk nikavuka daraja mpaka Nyali kwa kocha wako. Pale mahali ni baridi kama ndani ya friji na kelele kama radi. Hemedi alinitambua, akainuka, akaniletea kiti. Karibu yangu kulikuwa na hiyo mipira. Nikaugusa mmoja. Una matundu matatu. Nikaweka vidole. Nikamuuliza, "Hii si nazi?"

Yuwaniambia, "Ndivyo Rukia asemavyo. Nilimuuliza, mkono huu umefunzwa na nani, mbona kiwiko hakiyumbi? Akaniambia na mama, juu ya mbuzi. Tena mimi sikuwa nikichukua watu wazima. Alinishinda kwa habari ya ng'onda."

Mwanangu, nilikaa na vidole vyangu mle matunduni. Kumbe ulikuwa ukiyabeba maneno yangu mpaka huko, na mimi hata sikuuliza wakwenda wapi.

"Bi mkubwa," akasema, "umekuja na jibu?"

"Nimekuja nalo. Limechelewa."

"Halijachelewa sana. Yule niliyemchukua mahali pake kaolewa." Kisha akanitazama, akaona ninavyomtazama, akasema haraka, "Kaolewa kweli, bi mkubwa! Na mtu mwengine! Mumewe hataki atoke." Hapo nikacheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na yeye akacheka, na wale wanawake wake wawili wakaja kunipa mkono, na ni watu wazuri, ulisema kweli.

Nikamwambia vile nilivyomwambia mwalimu wa chuo cha Kurani siku niliyokupeleka ukiwa na miaka sita: nyama yako, mifupa yangu, mfunze. Akainamisha kichwa. Lakini akasema, "Mimi sitampigia. Nshaomba mara moja. Safari hii aseme mwenyewe. Majina ya mashindano mengine yapelekwa kabla mwezi haujaandama."

Sasa, mwanangu, sikwambii rudi. Labda huko umepata kocha, labda umeuchoka huo mchezo, labda umenichoka mimi. Mwanakombo yuwaniambia nimalize, karatasi imekwisha, na mimi pumzi imekwisha. Nakuuliza tu, na ni swali langu la kwanza, lichukue na uzito wake: Rukia, wewe wataka nini?

Jibu likiwa ndiyo nitalipokea. Likiwa hapana nitalipokea vile vile, sitakuvunjia uso wala wewe hutanivunjia. Lakini usininyamazie. Kimya nakijua kinavyojibu watu, mimi mwenyewe nilikituma.

Ni mimi mamako, niliyekukalisha juu ya mbuzi.